Masika Yakiingia: Kupanda Maua ya Vyungu na ya Kutundika Hapa Mombasa

Kila mwaka, mwezi wa tatu ukishapita nusu, maswali hunijia mfululizo, na ni yale yale. Jirani ana chungu kilichonyauka ilhali anakimwagia maji asubuhi na jioni. Shangazi amenunua mche umejaa maua, wiki mbili baadaye majani yamegeuka rangi ya karatasi. Kijana aliyehamia ghorofa ya nne huko Mtwapa anataka kitu cha kutundika kwenye roshani na hajui aanzie wapi. Na karibu wote humalizia kwa kusema, "Mimi sina mkono wa kupanda."

Mkono hauna kosa. Hapa kwetu ua la kwenye chungu huuawa na mambo matatu: maji yasiyopata pa kutokea, chumvi na chokaa, na kuchagua ua la nchi ya baridi. Ukiyashika hayo matatu, mengine utayajua kwa kupanda. Nimeandika mwongozo huu kwa mtu ambaye hajawahi kupanda hata mrehani, kwa hiyo nitasema hata yale yanayoonekana madogo.

Kwa nini upande sasa

Maelezo mengi yaliyoandikwa Ulaya yanasema upande majira ya kuchipua, yaani baridi ikishaondoka. Sisi hatuna baridi ya kungojea iondoke. Mwaka wetu unaongozwa na pepo za msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, na Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali, mchana ukipita nyuzi 32. Kisha upepo unageuka, kusi inaingia, na masika yanaanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote. Kuanzia Juni hadi Agosti kunapoa kidogo, na mmea unapumua.

Mche ulioingia chunguni mwanzo wa masika una takriban miezi minane ya kuotesha mizizi kabla ya kaskazi kurudi. Ule uliopandwa Februari huingia motoni siku ya kwanza. Usikurupuke na wingu la kwanza, maana mara nyingine mvua huja siku moja kisha jua likawaka wiki mbili. Ngoja zinyeshe mbili tatu, mawingu yatulie, ndipo uanze. Ukichelewa, vuli ya Oktoba na Novemba ni nafasi ya pili, ila ni fupi na itakubidi umwagilie zaidi baadaye.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujachafua mikono

- Vyungu. Vya udongo ni vizuri kwa kuwa vinapumua, lakini vinakauka upesi. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri inafaa, na jerikeni ya mafuta ya kupikia iliyokatwa nusu inafaa pia. Kwa mgeni wa kazi hii, chungu kisiwe chini ya sentimita 25 upana. Vidogo vinapendeza dukani, lakini mchana mmoja wa jua unatosha kuvikausha.
- Kikapu cha waya cha kutundikia, upana wa sentimita 30 au zaidi, au chombo chepesi cha plastiki chenye matundu.
- Makumbi ya nazi, yaani maganda yake ya nje, na usumba wake (nyuzi) uliochambuliwa.
- Udongo mwekundu, samadi iliyooza kabisa, na mchanga wa mto.
- Msumari mnene au drili, kisu, vigae vichache vya chungu kilichovunjika.
- Kamba ya nailoni au mnyororo usioshika kutu, na ndoano.
- Maji matamu. Hili nitalirudia mpaka mnichoke.

Miche inapatikana kwenye vitalu vilivyo kando ya barabara, hasa ukitoka Nyali kuelekea Bamburi na Mtwapa. Nenda asubuhi. Mche uliokaa pembeni ya lami mchana kutwa unakuwa na kiu na vumbi, na huwezi kujua kama unaumwa au umechoka tu.

Kazi yenyewe

1. Jua mahali kabla ya kununua ua. Simama pale unapotaka kuweka chungu saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri. Tazama jua linafika wapi. Jua la asubuhi ndilo bora: linalisha bila kuchoma. Jua la alasiri likipiga ukuta wa upande wa magharibi, ukuta unakuwa jiko, na mizizi inapikwa ndani ya chungu hata udongo ukiwa na maji.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka mwaka uishe. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana huhama upande. Mwezi wa Juni liko kaskazini, Disemba liko kusini. Roshani inayotazama kaskazini itakuwa na jua katikati ya mwaka na kivuli wakati wa kaskazi, na hiyo ni bahati. Inayotazama kusini hupata kinyume chake, tena hupigwa na upepo wa kusi moja kwa moja. Kama nyumba yako inaelekea bahari, upepo huo unakuja na chumvi; weka mbele mimea migumu, laini iwe nyuma yake.

2. Chagua ua linaloweza kuishi hapa. Mwanzoni nilipoteza pesa nyingi kwenye petunia na geraniamu zilizoletwa kutoka bara. Ni maua mazuri sana. Hudumu wiki tatu, joto la usiku linayamaliza. Usianze nayo.

Anza na haya:

Vinka, lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo utaliona limejiotea hata kwenye nyufa za kuta. Linavumilia jua na chumvi. Adui yake ni unyevu usiokoma, kwa hiyo wakati wa masika liweke chini ya upenu, mvua isilinyeshee moja kwa moja.

Potulaka, lenye majani manene kama punje za mchele, ambalo hufunguka jua likishapanda na kufumba alasiri. Hili ndilo la kutundika kwa anayeanza. Ukisahau kumwagilia siku mbili, litakusamehe.

Buganvilia, kwa chungu kikubwa na jua la kutwa. Haitaki kubembelezwa. Ukiimwagia sana inatoa majani matupu.

Waridi la jangwani, lenye shina nene kama tumbo. Ni mmea wa kwetu Afrika ya Mashariki, unaota wenyewe kwenye sehemu kavu za pwani. Utomvu wake ni sumu, na vinka nayo ni sumu ikiliwa, basi kama una mtoto anayetambaa au mbuzi anayezurura, viweke juu.

Penye kivuli, usihangaike na maua. Tundika kangaga (fern kwa Kiingereza). Roshani nyingi za Mji wa Kale hupata jua kidogo tu kwa sababu vichochoro ni vyembamba, na kangaga hapo hunawiri kama limo msituni.

Na asmini. Nyumba ya Mswahili isiyo na harufu ya asmini jioni naiona ina upungufu. Inakubali chungu cha lita 20 ikipata jua la nusu siku na kitu cha kupandia. Ukiweka na chungu cha mrehani kando yake, una nusu ya kikuba tayari, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake. Ila asmini inachukia maji ya chumvi kuliko yote niliyotaja.

3. Toboa chungu, kisha toboa tena. Ndoo ya lita 20 inataka matundu sita hadi manane chini, kila moja upana wa kidole cha shahada. Pasha msumari moto kwenye jiko ukitoboa plastiki, haitapasuka. Fanya hivyo nje, moshi wake si wa kuvuta. Toboa na mawili ubavuni, sentimita mbili kutoka chini, ili maji yapite hata chungu kikikaa bapa sakafuni.

Kosa la wengi: kujaza kokoto robo ya chungu "ili maji yashuke." Hayashuki vizuri zaidi. Maji hutuama kwenye udongo palepale juu ya kokoto, na umeipunguzia mizizi nafasi. Weka kigae kimoja juu ya kila tundu, upande wa mbonyeo ukitazama chini, kuzuia udongo usitoke. Inatosha.

Na kokoto zenyewe huku kwetu mara nyingi ni vipande vya matumbawe. Jiwe hilo ndilo linalochomwa kupata chokaa ya kujengea. Ukiliweka chunguni, kila maji yanayopita yanabeba chokaa kidogo hadi mizizini.

4. Osha makumbi. Kuruka hatua hii kumeua mimea mingi. Makumbi ya kusukia kamba hufukiwa pwani, maji ya bahari yakayalainisha kwa miezi. Kwa kamba ni sawa. Kwa maua ni sumu. Na hata ambayo hayakufukiwa yana chumvi yake ya asili. Chambua usumba, uloweke kwenye ndoo ya maji matamu usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu. Maji ya mara ya kwanza yatakuwa kama chai ya rangi. Ya tatu yakibaki bado meusi, rudia ya nne. Kamua, anika kivulini.

5. Changanya udongo. Udongo wa uani kwetu, hasa kisiwani, Nyali na Bamburi, umekaa juu ya matumbawe: mwepesi, mweupe, na umejaa chokaa. Anayetaka kuona ugumu wake na aende Haller Park. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, sakafu tupu ya jiwe. René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza kupanda mwaka 1971 alijaribu aina 26 za miti, zikasalia tatu tu, na mvinje ndio uliobeba kazi. Hata hivyo majani yake yalikaa pale bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayatafuna yakawa mboji. Msitu mzima ulisimama baada ya mtu kuchagua mti unaofaa na kutengeneza udongo. Chungu chako ni jambo lile lile kwa udogo.

Kipimo changu cha vyungu, kwa kopo lolote: makopo mawili ya udongo mwekundu, moja la samadi, moja la usumba uliooshwa, nusu ya mchanga wa mto. Kwa vikapu vya kutundika punguza uzito: kopo moja la udongo, moja la samadi au mboji, mawili ya usumba. Kwa waridi la jangwani na potulaka ongeza mchanga, kopo zima badala ya nusu.

Lowesha kidogo, fumba konzi, kisha fungua. Donge likivunjika ukiligusa kwa kidole, umepatia. Likibaki kama tonge la ugali, ongeza usumba na mchanga. Lisiposhikana kabisa, ongeza udongo.

Samadi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi, isinuke, isiwe na joto ukiingiza mkono. Ya mbuzi ni nzuri sana, iponde kwanza. Samadi mbichi inachoma mizizi, na hapo utaniambia mche ulikuwa mbovu.

Mchanga wa pwani usiuguse, hata ukiuosha. Chumvi itatoka, lakini mchanga wenyewe una vipande vingi vya makome na matumbawe, na chokaa hiyo haioshwi.

6. Panda kwenye chungu. Fanya kazi hii jioni baada ya alasiri, jua likishalegea, ili mche upate usiku mzima wa kutulia. Mwagilia mche ukiwa bado kwenye mfuko wake, ngoja nusu saa. Jaza chungu udongo hadi theluthi mbili. Chana mfuko kwa kisu. Usiuvute mche kwa shina. Ukiona mizizi imejizungusha kama kata ya kubebea mtungi kichwani, ilegeze kwa vidole, hata ikikatika michache si neno. Weka mche kwenye kimo kile kile ulichokuwa nacho mfukoni. Ukizika shina zaidi, masika yataliozesha.

Jaza udongo pembeni, bonyeza kwa vidole, usishindilie. Acha sentimita tatu juu bila udongo, ndipo maji yatakapokaa kabla ya kuzama. Mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kisha kiweke chungu kivulini siku nne au tano kabla ya kukitoa juani, na ukitoe kidogo kidogo, asubuhi tu mwanzoni.

Chungu cha sentimita 30 kinabeba vinka tatu. Najua unataka kuweka sita kionekane kimejaa leo. Mwezi wa pili baada ya kupanda zitagombania maji na zote zitadhoofu.

7. Panda kikapu cha kutundika. Kikalishe kikapu juu ya ndoo tupu kisiyumbe. Tandaza usumba ndani unene wa vidole viwili, ubane vizuri, pasibaki uwazi wa kupita udongo. Chini kabisa, juu ya usumba, weka kifuu kimoja cha nazi kikitazama juu. Kitashika maji kidogo na kukusaidia siku za jua.

Jaza udongo hadi nusu. Kama unataka kikapu kinachofunikwa pande zote, penyeza miche midogo ya potulaka ubavuni kati ya nyaya, mizizi ndani, vichwa nje. Vipande vya potulaka vya urefu wa kidole vinaota hata bila mizizi, kwa hiyo huhitaji kununua vingi: nunua mche mmoja, ukate. Jaza hadi juu, panda mitatu katikati, mwagilia polepole kwa kopo lililotobolewa. Kiache chini siku saba kivulini kabla ya kukitundika. Kikapu kilichotundikwa siku ile ile hupigwa na upepo kabla mizizi haijashika.

8. Tundika kwa usalama. Kikapu cha sentimita 30 kina takriban lita 7 za udongo, na kikilowa mvua ya Mei kinaweza kufika kilo 10. Kikianguka kutoka ghorofani ni msiba wa mtu. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zina dari za boriti za mikoko. Funga kwenye boriti yenyewe, usipigilie ndoano kwenye lipu, maana lipu ile ni chokaa na inamomonyoka. Kwenye ghorofa za zege, mwite fundi mwenye drili aweke boliti inayojipanua ndani ya tundu, mwambie ibebe kilo 30. Usitundike juu ya njia ya watu.

Hewa ya bahari inakula waya. Kila miezi mitatu shusha kikapu, kagua ndoano na mnyororo, na ukiona kutu imeanza kuacha unga mkononi, badilisha siku hiyo. Kamba ya usumba inapendeza, lakini kwa kubeba kikapu usiiamini, inaoza na unyevu wa kumwagilia. Nailoni nayo inaliwa na jua, ibadilishe kila mwaka.

9. Maji. Hapa ndipo penye kazi yote, na wengi wanadhani ni rahisi.

Kwanza, maji gani. Visima vingi vya kisiwani na ufukweni vina chumvi. Yaonje: ukihisi ukali wa chumvi ulimini, mmea unauhisi zaidi, kwa sababu maji yakikauka chumvi inabaki na kuongezeka kila siku. Dalili nyingine ni unga mweupe kwenye ukingo wa chungu. Mwaka mmoja mifereji ya nyumbani ilipokauka kwa wiki kadhaa nilitumia maji ya kisima kwa vyungu vyote kumi na moja, nikasema ni ya muda tu. Nilibaki na buganvilia mbili.

Kwa hiyo kusanya ya mvua, masika yote, kwenye pipa lenye kifuniko. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine ya kupoza hewa karibu hayana chumvi kabisa. Weka ndoo chini ya mrija wake, kwa siku moja ya joto utapata ya kutosha vyungu kadhaa. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Ya kufulia nguo usitumie. Kama huna budi kutumia ya kisima, changanya nusu kwa nusu na matamu, na mara moja kila wiki mbili mimina maji matamu mengi, mara tatu ya ujazo wa kawaida, yatoke chini na kuondoka na chumvi.

Pili, lini. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka yatoke chini. Pakiwa na unyevu, ondoka. Masika unaweza kukaa siku kumi bila kumwagilia chochote. Wakati wa kaskazi vyungu vinataka kila siku, vikapu mara mbili. Wakati mzuri ni baada ya alfajiri. Kumwagia kidogo kidogo juu juu kila mara ni kosa. Mizizi inafuata maji juu, na jua likija linaikuta hapo.

Tatu, visahani vya chini. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hutaga kwenye maji machache yaliyotuama, na kisahani cha chungu ni mahali anapopenda. Mombasa ilikumbwa na dengi mwaka 2013, na chikungunya kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, na waliougua wanakumbuka maumivu ya viungo yale. Yamwage maji ya visahani kila baada ya siku tatu na usugue, mayai hushikamana na ukuta wake. Au uviondoe kabisa wakati wa masika.

10. Lisha na ukate. Wiki nne baada ya kupanda, loweka konzi mbili za samadi kavu kwenye ndoo ya lita 10 kwa siku tatu, chuja, mpe kila chungu kopo moja kila wiki mbili. Ukipenda mbolea ya dukani, NPK 17:17:17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), nusu kijiko cha chai kwa chungu cha lita 20 kila mwezi, kwenye udongo uliolowa, isiguse shina. Maua yaliyokauka yachume. Potulaka na vinka zikirefuka na kuacha uwazi katikati, zikate theluthi moja bila huruma. Wiki mbili tu zitachipua.

Mambo yakienda mrama

*Majani yanageuka manjano, mishipa inabaki kijani.* Ni chokaa; mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma. Ondoa udongo wa juu sentimita tano, weka mboji safi, mwagilia kwa maji ya mvua. Majani ya zamani hayatarudi rangi, angalia mapya.

*Ncha za majani zimeungua kahawia, kama zimebabuliwa.* Chumvi. Osha chungu kwa maji mengi matamu kama nilivyoeleza. Kama unakaa karibu na bahari, suuza na majani yenyewe.

*Mmea umenyauka na udongo umelowa.* Usiongeze maji! Mizizi inaoza. Utoe chunguni, kata mizizi myeusi iliyolainika, badilisha udongo, ongeza matundu. Vinka ikishaanza kuoza shina haiponi; kata vichwa vilivyo vizima uvioteshe upya.

*Vijidudu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo.* Vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kisha kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini, lita moja ya maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji, utikise, unyunyize jioni chini ya majani. Rudia kila siku saba mara tatu. Ukinyunyiza mchana, majani yataungua.

*Utando mwembamba na vidoa vidogo kwenye majani wakati wa kaskazi.* Utitiri. Unapenda ukavu. Nyunyizia majani maji kwa nguvu upande wa chini kila asubuhi kwa wiki.

*Kunguru wanachomoa usumba.* Wanaupeleka kwenye viota vyao, na huku kwetu wamejaa tele. Zungushia kikapu kipande cha wavu wa zamani wa kuvulia mpaka mimea ifunike pande zote.

*Konokono usiku wa mvua.* Waokote kwa tochi. Usimwage chumvi, utaua na ua.

*Buganvilia ina majani tele, haina ua.* Punguza maji, acha udongo ukauke kabisa kati ya kumwagilia, acha mbolea kwa miezi miwili, na uisogeze kwenye jua zaidi.

*Asmini haitoi ua.* Mara nyingi ni kivuli, au haikukatwa. Ikate Juni mvua zikipungua, uipe samadi na jua la nusu siku. Ikianza, chuma matumba yake kabla ya magharibi yakiwa bado yamefumba, uyaweke kwenye sahani juu ya kitambaa kilicholowa. Yatafunguka usiku ndani ya nyumba.